Siku ya Columbus au Siku ya Wenyeji Asilia? Maswali yanayoulizwa kila Oktoba

Ninaishi Columbus, Ohio, mji ambao jina lake peke yake ni nusu ya ugomvi. Oktoba ikikaribia, na pamoja nayo sikukuu ya Marekani ya kumkumbuka baharia Christopher Columbus, ambayo wengine sasa wanaiita Siku ya Wenyeji Asilia, simu yangu hailali. Mama mmoja anataka kujua kama watoto wana shule. Kijana aliyeingia juzi kutoka Kigoma amekuta mlango wa benki umefungwa na hajui kuna nini. Mwingine, mtu wa Mombasa, haulizi habari za benki. Yeye anauliza: "Yule naye anasherehekewa kwa lipi?" Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti, mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Maswali mepesi nimeyapitia haraka, na pale ninaposema maoni yangu, utaona.

Siku yenyewe ni lini?

Jumatatu ya pili ya Oktoba, kwa hiyo inaweza kuangukia tarehe yoyote kati ya 8 na 14. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 14, siku ileile Watanzania wanapomkumbuka Mwalimu Nyerere. Kuna mzee alinipigia akiwa na furaha kweli, akidhani Marekani nayo imeanza kumuenzi Mwalimu. Bado hatujafika huko.

Nini kinafungwa?

Posta, benki nyingi, mahakama za serikali ya shirikisho na ofisi za uhamiaji. Maduka yako wazi. Shule zinategemea bodi ya shule ya eneo lako, hivyo soma kalenda uliyopewa mwezi Agosti. Mwajiri binafsi halazimishwi na sheria ya shirikisho kukupa mapumziko siku hiyo, wala kukulipa zaidi ukifanya kazi. Kama mkataba wako unasema vingine, shika mkataba.

Columbus alifanya nini hasa? Shuleni tuliambiwa aligundua Amerika.

Tarehe 12 Oktoba 1492 alitia nanga kwenye kisiwa ambacho wenyewe walikiita Guanahani, katika Bahama za leo. Yeye akakiita San Salvador. Alikuwa Mwitaliano aliyetumwa na Hispania, na merikebu tatu, akiamini amefika pembezoni mwa Asia. Alifanya safari nne kwa jumla na akafa mwaka 1506. Katika safari zote hizo hakukanyaga hata mara moja ardhi ya bara ambayo leo ni Marekani.

Watu aliowakuta visiwani ni Wataino na ndugu zao. Shajara yake ya safari ya kwanza imetufikia kupitia muhtasari wa padri Bartolomé de las Casas, na humo Columbus anawasifu watu hao kwa ukarimu. Siku mbili tu baada ya kufika, anaandika kwamba kwa askari hamsini wote wangeweza kutiishwa na kufanyishwa chochote.

Hebu tutazame kitu kimoja kidogo, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha mimi. Katika zawadi alizogawa siku za mwanzo, pamoja na kofia nyekundu na shanga za vioo, kulikuwa na vijikengele vya shaba ambavyo Wazungu walikuwa wakiwafunga mwewe wao wa kuwindia. Fikiria njuga moja ya ngoma, ile yenye punje ndani na mlio mwembamba. Wataino walizipenda. Baada ya miaka mitatu hivi njuga ileile ikawa kipimo cha kodi. Katika eneo la Cibao, kwenye kisiwa cha Hispaniola (Haiti na Jamhuri ya Dominika za leo), kila mtu aliyetimiza miaka 14 alitakiwa kuijaza vumbi la dhahabu kila baada ya miezi mitatu. Kusikokuwa na dhahabu, walitoza ratili 25 za pamba. Aliyelipa alipewa alama ya shaba aivae shingoni, ili asiyekuwa nayo ajulikane. Msomaji wa Kenya hana haja ya kufafanuliwa habari za kipande cha kuning'inia shingoni. Babu zetu wengine walikivaa.

Mito ya huko haikuwa na dhahabu ya kujaza njuga zote hizo. Watu wakakimbilia milimani, mashamba yakabaki bila mtu, njaa ikaingia.

Mwaka 1495 Columbus na watu wake waliwakusanya Wataino wapatao 1,600, wakachagua zaidi ya 500 na kuwapakia melini kwenda kuuzwa Hispania. Karibu 200 walifia njiani na kutupwa baharini. Habari hizi tunazipata kwa Michele de Cuneo, Mwitaliano mwenzake aliyekuwemo safarini, tena rafiki yake. Katika barua hiyohiyo Cuneo anasimulia, bila aibu, jinsi Columbus alivyompa mwanamke aliyetekwa na jinsi yeye alivyomlazimisha. Hizo si shutuma za wanaharakati wa leo. Ni mtu anajisimulia mambo yake mwenyewe.

Lakini waliokufa, si waliuawa na magonjwa? Hakuna aliyeleta ndui kwa makusudi.

Swali hili huletwa kama funga-kesi. Magonjwa yaliua sana, hilo halina ubishi, na maradhi yalianza kuenea tangu safari ya pili ya mwaka 1493. Ila ndui ilifika Hispaniola mwishoni mwa mwaka 1518. Hesabu iliyofanywa mwaka 1514, kabla ya ndui, ilikuta Wataino wapatao 26,000 tu kisiwa kizima. Wataalamu hawakubaliani walikuwa wangapi mwaka 1492: wapo wanaosema laki chache, wapo wanaosema milioni kadhaa. Chukua makadirio ya chini kabisa, bado umati ulikuwa umetoweka kabla ndui haijashuka melini. Migodi, njaa, vita, kutenganishwa mume na mke, kukimbia makazi: mtu aliyedhoofishwa na hayo hata homa ndogo inammaliza.

Ni haki kumhukumu mtu wa mwaka 1492 kwa macho ya leo?

Mimi naona tusimhukumu kwa macho ya leo. Tumhukumu kwa macho ya wenzake, nayo yanatosha.

Mwaka 1500 mfalme na malkia wa Hispania walimtuma Francisco de Bobadilla kuchunguza malalamiko juu ya utawala wake. Bobadilla alimkamata, akamtia pingu, akamrudisha Hispania kwa meli. Alifunguliwa, hata akapewa safari ya nne, lakini ugavana hakurudishiwa. Mwaka huohuo Malkia Isabel aliagiza Wataino waliokuwa wameuzwa waachiwe na kurudishwa kwao. Sitaki kumfanya malkia mtakatifu, maana miaka mitatu baadaye aliruhusu watumwa wachukuliwe kwa watu walioitwa wala watu, na wakoloni wakaona "wala watu" kila kona. Lakini pingamizi lilikuwepo.

Kisha mwaka 1511, mjini Santo Domingo, padri Antonio de Montesinos alipanda mimbarini Jumapili moja ya Desemba, gavana na wenye migodi wamekaa mbele, akawauliza: hawa si watu? Hawana roho? Wakubwa walikasirika, wakamtaka aombe radhi Jumapili inayofuata. Jumapili ikafika, akapanda tena, akarudia yaleyale. Las Casas, ambaye naye aliwahi kumiliki Wataino, baadaye aliwaachia wake na kuandika maisha yake yote dhidi ya utaratibu huo. Ukisema "zama zile kila mtu alikuwa hivyo" umewasahau watu hawa, na umewasahau kabisa Wataino, ambao nao walikuwa watu wa zama zile na maoni yao hayakuwa na utata. Anacaona, malkia wa Kitaino wa Xaragua kwenye Hispaniola hiyohiyo, alinyongwa na gavana Ovando mwaka 1503 baada ya kumkaribisha kwa ngoma.

Kama hakukanyaga Marekani, kwa nini Wamarekani wanamsherehekea?

Hapa watu wetu wengi wanashangaa, na mimi nilishangaa zaidi ya wote. Sikukuu hii imetokana na mateso ya Waitaliano kuliko safari ya Columbus.

Mwaka 1890 mkuu wa polisi wa New Orleans aliuawa. Wahamiaji wa Kiitaliano wakashikwa ovyo. Walipofikishwa mahakamani, hakuna aliyetiwa hatiani. Tarehe 14 Machi 1891 umati ukavunja gereza na kuwaua Waitaliano 11, wengine kwa risasi, wengine kwa kamba. Magazeti makubwa yaliandika kana kwamba wamestahili. Italia ikamwita balozi wake nyumbani, na Marekani ikaishia kulipa fidia ya takriban dola 25,000. Mwaka uliofuata, 1892, Rais Benjamin Harrison akatangaza maadhimisho ya miaka 400 tangu Columbus afike. Sababu zilikuwa nyingi, lakini kuwatuliza Waitaliano ilikuwa mojawapo.

Watu waliokuwa wakiitwa wachafu, wahalifu na wafuasi wa Papa wakapata jina la kushika: mwenzetu ndiye aliyeifungua nchi hii. Chama cha Wakatoliki kilichoanzishwa New Haven mwaka 1882 tayari kilikuwa kimejiita kwa jina lake. Colorado ikawa jimbo la kwanza kuipitisha sikukuu kisheria, mwaka 1907. Mwaka 1934 Bunge la Marekani likamtaka rais aitangaze kila mwaka, na kwa sheria ya mwaka 1968 ikawa sikukuu ya shirikisho ya Jumatatu, kuanzia 1971.

Mtaani kwetu kuna mzee wa asili ya Sicilia. Aliniambia babu yake alivaa suti mara mbili tu kwa mwaka: Pasaka, na siku ya gwaride la Columbus. "Hatukuwa tunamshangilia yeye," alisema, "tulikuwa tunajionyesha kwamba tupo." Nilimwelewa. Mgeni akitafuta cheti cha kukubaliwa hachagui sana muhuri.

Basi Waitaliano wanyang'anywe siku yao?

Si lazima, na Colorado imeonyesha njia. Jimbo hilohilo lililoanza mwaka 1907 liliifuta Siku ya Columbus mwaka 2020 na kuweka Siku ya Frances Xavier Cabrini, Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Cabrini alikuwa mtawa wa Kiitaliano aliyekuja Marekani mwaka 1889, akajenga shule, hospitali na nyumba za yatima kwa wahamiaji, na mwaka 1946 akawa raia wa kwanza wa Marekani kutangazwa mtakatifu. Waitaliano wamebaki na Oktoba yao, na mwanamke aliyeosha vidonda amechukua nafasi ya mtu aliyevisababisha. Wapo Waitaliano waliokasirika hata hivyo, kwa kuwa hawakuulizwa vya kutosha. Hilo nalo ni haki yao kulisema.

Siku ya Wenyeji Asilia ilianzia wapi?

Wazo lilitolewa mwaka 1977 mjini Geneva, kwenye mkutano wa kimataifa uliojadili ubaguzi dhidi ya wenyeji asilia wa bara la Amerika. Mwaka 1990 Dakota Kusini ilikuwa ya kwanza kulifanya jambo hilo kwa ngazi ya jimbo. Ilikuwa miaka 100 tangu jeshi la Marekani liwaue Walakota huko Wounded Knee, jimboni humo, na gavana George Mickelson alikuwa ameutangaza mwaka ule kuwa wa maridhiano. Mwaka 1992, wakati wengine wanajiandaa kusherehekea miaka 500, mji wa Berkeley, California, ukaifuta Siku ya Columbus. Minneapolis na Seattle zikafuata mwaka 2014, kisha majimbo kadhaa yakiwemo Maine, Vermont na New Mexico mwaka 2019.

Hawaii wao wana lao. Siku hiyo wanaiita Siku ya Wavumbuzi, na wavumbuzi wanaowakusudia ni Wapolinesia waliovuka Bahari ya Pasifiki kwa ngalawa, wakisoma nyota na mawimbi. Nani aligundua nini, inategemea umesimama pwani ipi.

Kisheria, sasa hivi inaitwaje?

Sheria ya shirikisho bado inasema Siku ya Columbus. Mwaka 2021 Rais Biden alikuwa rais wa kwanza kutoa tangazo rasmi la Siku ya Wenyeji Asilia, lakini siku hiyohiyo akatoa na la Columbus. Oktoba 2025 Rais Trump akatangaza ya Columbus peke yake. Matangazo ya rais yanakuja na kwenda. Kubadili jina lenyewe ni kazi ya Bunge, na Bunge halijafanya hivyo. Majimbo na miji inajiamulia, ndiyo maana rafiki yako wa Minneapolis na binamu yako wa New Jersey wanaweza kukupa majibu mawili na wote wakawa sahihi.

Wenyeji asilia wenyewe wanasemaje?

Usitegemee jibu moja. Marekani ina mataifa zaidi ya 570 ya wenyeji yanayotambuliwa na serikali ya shirikisho, kila moja na baraza lake na kumbukumbu zake. Kuuliza "wanasemaje" ni kama kuuliza Waafrika wanasemaje. Wengi waliipigania siku hii na wanaiona ni heshima iliyochelewa. Wapo pia wanaosema jina la siku ni bei rahisi mno: serikali inakupa Jumatatu moja badala ya kutimiza mikataba iliyosainiwa juu ya ardhi, maji na uvuvi.

Hapa Ohio nalihisi hilo vibaya. Ohio ni jina la Kiseneka. Scioto, mto unaopita katikati ya mji wetu, ni jina la Kiwyandot. Washawnee, Wamiami, Walenape na Wawyandot walikuwa wenye nchi. Wawyandot ndio waliokuwa wa mwisho kuondolewa, Julai 1843, wakapelekwa magharibi ng'ambo ya Mississippi. Leo hakuna hata taifa moja la wenyeji linalotambuliwa na shirikisho lenye makao yake Ohio. Majina tumebaki nayo, wenye majina wako Oklahoma na Kansas.

Sisi Waswahili hii inatuhusu nini?

Anza na sahani yako. Mahindi asili yake ni Mexico, yakalimwa kwanza na watu ambao Wazungu baadaye waliwaita washenzi. Muhogo ni wa Amerika Kusini, na Wataino waliomlisha Columbus walimlisha mkate wa muhogo. Mazao haya yalifika Afrika kwa mikono ya Wareno. Tukayaita "mahindi" kana kwamba yametoka Uhindi. Mtu anayesonga ugali kila siku ana deni fulani kwa watu hawa, japo hajawahi kuwaona.

Halafu tuje pwani. Miaka sita baada ya Columbus, Aprili 1498, Vasco da Gama alifika Mombasa. Kumbukumbu za safari yake zinaeleza jinsi mateka wawili walivyomwagiwa mafuta ya moto ili waseme kama kuna njama. Malindi walimpokea, wakampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mwaka 1502 akarudi na kundi kubwa la merikebu, akamlazimisha sultani wa Kilwa kulipa kodi, na katika safari hiyohiyo akaichoma meli ya mahujaji waliokuwa wakitoka Makka, pamoja na wanawake na watoto wao. Mwaka 1505 Wareno wakapora Kilwa na Mombasa.

Nguzo yake yenye msalaba iko Malindi mpaka leo, inatunzwa kama kumbukumbu ya kitaifa, na watalii wanapiga picha. Sijawahi kusikia Mkenya mwenye akili zake akidai ivunjwe, na sijawahi kusikia akidai tupewe siku ya mapumziko kumshukuru da Gama. Nguzo inakwambia mtu huyu alipita hapa. Sikukuu inakwambia ahsante alipita. Ugomvi wote wa Oktoba uko katika tofauti hiyo.

Kongo nayo ina lake. Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966. Na Berlin, kwenye mtaa wa majina ya Kiafrika katika eneo la Wedding, kulikuwa na barabara ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye Tanganyika ilimwita Mkono wa Damu. Tangu Agosti 2024 sehemu yake moja inaitwa Maji Maji. Mjerumani akitoa anwani ya nyumba yake sasa anataja vita vya babu zetu.

Ukiondoa sikukuu, hujafuta historia?

Wakenya walifuta Siku ya Kenyatta mwaka 2010 na tarehe 20 Oktoba ikawa ya Mashujaa wote. Kenyatta hakutoweka vitabuni. Tarehe 10 Oktoba imekuwa ya Moi, ikawa ya Utamaduni, sasa ni ya Mazingira, na Moi bado anazungumzwa kila kijiwe. Bahama, mahali hasa alipotua Columbus, walikuwa na Siku ya Ugunduzi, na mwaka 2013 wakaifanya Siku ya Mashujaa wa Taifa. Trinidad na Tobago waliiondoa ya kwao mapema zaidi, mwaka 1985, wakaweka siku ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa. Nenda Nassau, mji mkuu wa Bahama, uulize mtoto wa shule Columbus ni nani. Atakujibu vizuri kuliko mtoto wa Ohio.

Hispania yenyewe bado imeshikilia: 12 Oktoba ni Sikukuu ya Taifa, na gwaride la kijeshi juu.

Na huo mji wenu, je? Mtaubadili jina?

Sidhani. Mwaka 2018 jiji lilitangaza ofisi zake zitafunguliwa Siku ya Columbus kama kawaida, na mapumziko yakapelekwa kwenye siku ya maveterani mwezi Novemba. Sababu waliyotoa ilikuwa maveterani, Columbus hakutajwa kwa ubaya. Wanasiasa hawakosi pa kupitia. Mwaka 2020, tarehe 1 Julai, wakaing'oa sanamu kubwa ya shaba iliyosimama mbele ya jengo la jiji, zawadi ya mwaka 1955 ya watu wa Genoa, mji wa Italia alikozaliwa Columbus. Nilipita pale asubuhi ile nikienda kazini. Winchi ilikuwa imemfunga kamba kifuani, wafanyakazi waliovaa manjano wakizungumza mambo yao, na mama mmoja mwenye kitambaa kichwani akipiga picha. Alipoinuliwa, miguu yake ikabaki hewani, na kwa mara ya kwanza nikaona viatu vyake. Sanamu nyingine, ile iliyo kwenye uwanja wa bunge la jimbo, haikuguswa.

Kuhusu jina, mwaka huo watu walizungusha ombi mtandaoni mji uitwe Mji wa Ladha, kwa heshima ya mpishi mmoja maarufu wa televisheni aliyezaliwa hapa. Ilikuwa nusu utani. Nilisaini.

Tuwaiteje? Nyumbani tulisema "Wahindi Wekundu".

Acha hilo. Columbus alidhani amefika Uhindi, akawaita Wahindi, na sisi ambao tuna Wahindi wa kweli Kariakoo na Biashara Street tukalipokea kosa lake na kulipaka rangi. "Wenyeji asilia" linatosha ukiwataja kwa jumla. Ukijua taifa la mtu, taja taifa: Mnavajo, Mlakota, Mcherokee. Wengine wenyewe hujiita Wahindi kwa Kiingereza na hawaoni taabu. Hilo ni lao, kama vile ndugu wanavyoitana majina ambayo mgeni hathubutu.

Na kwa wale wanaoshikilia neno "kugundua": vitabu vyetu vya historia viliwaita kina Stanley "wapelelezi", na vikawaweka fungu moja na wamisionari na wafanyabiashara kuwa mawakala wa ukoloni. Neno hilohilo tunalitumia kwa askari kanzu. Sijui aliyelichagua alikuwa na nia gani, ila hakukosea.

Mwanangu ameletewa karatasi ya kupaka rangi merikebu tatu. Nigombane na mwalimu?

Usigombane. Binti yangu aliletewa akiwa darasa la pili. Alipaka matanga zambarau. Nilimwuliza, "Ufukweni kuna nani?" Akatazama karatasi: hapakuwa na mtu. Mchanga, mnazi mmoja na jua linalocheka. Nikamwambia achore watu. Akachora wanne, mmoja amebeba samaki, mmoja mtoto mgongoni kama mama anavyobeba kwa kanga. Mwalimu akaweka nyota na kuandika pembeni "hawa ni nani?", nami nikapata nafasi ya kumwandikia barua fupi yenye adabu. Mwaka uliofuata karatasi ilikuwa nyingine.

Kama shule yako ni ngumu zaidi ya hapo, nenda kwenye kikao cha bodi. Mara nyingi wazazi hupewa nafasi ya kuongea, dakika chache, na ukihitaji mkalimani omba mapema.

Nimepangiwa miadi ya uhamiaji Jumatatu hiyo. Nifanyeje?

Soma tarehe tena. Ofisi zinafungwa siku hiyo, kwa hiyo huenda umesoma vibaya. Mara nyingi ni Jumanne. Beba barua yenyewe, si picha ya simu.